Utii kwa Mfalme, Utii kwa Papa: Wakatoliki wa Uingereza na Hoja ya Kuvumiliwa



Nataka tuanze na padri mmoja ambaye vitabu vingi vya historia vinampita bila kumtazama. Jina lake Robert Drury. Tarehe 31 Januari 1603 yeye na mapadri wenzake 12 wa Kikatoliki nchini Uingereza walitia saini tamko la utii kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, mtawala wa Kiprotestanti ambaye Papa alikuwa amekwisha kumtenga na Kanisa. Walisema wanamtambua kuwa malkia halali. Walisema atakayeivamia nchi, hata kwa kisingizio cha kurudisha dini ya Kikatoliki, watampinga bega kwa bega na raia wenzao, na kwamba Papa akiwatenga kwa ajili hiyo hawatageuka. Wakaongeza jambo moja tu: mamlaka ya Papa katika mambo ya roho hawayaachi, hata kama ni kufa.

Februari 1607 Drury alinyongwa Tyburn, London, kwa kosa la kuwa padri. Angeweza kuokoka kama angekula kiapo kipya cha utii kilichotungwa chini ya Mfalme James, mrithi wa Elizabeth. Akakataa. Mwenzake Roger Cadwallador, naye mmoja wa wale 13, aliuawa mjini Leominster mwaka 1610 katika mkasa wa namna ileile.

Hapo pana fumbo. Watu walioahidi mbele ya dunia kuwa watampigania malkia wa Kiprotestanti dhidi ya jeshi litakalokuja kwa jina la dini yao wenyewe, miaka michache baadaye wanakubali kamba shingoni kuliko kumwapia mfalme wa Kiprotestanti. Si kwamba walikuwa wamegeuka waasi. Ninachotaka kuwaonyesha jioni hii ni kwamba ugomvi wa zama zile ulihusu imani ya mtu kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani. Ulihusu zaidi nani mwenye haki ya kutamka kwamba jambo hili ni la imani na lile ni la siasa. Serikali ya London ilitaka kuuchora mpaka huo peke yake. Roma nayo hivyohivyo. Waliobanwa katikati ndio waliolazimika kufikiri, na fikra zao zimesahauliwa kwa sababu hazikumpendeza yeyote kati ya wakubwa hao wawili.

Tuiweke sheria mezani kwanza. Mwaka 1559 Bunge lilimfanya Elizabeth mtawala mkuu wa Kanisa la Uingereza na kuagiza kila mtu ahudhurie ibada ya parokia yake siku ya Jumapili. Asiyekwenda, faini peni 12. Mwaka 1581 faini ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi. Ili mpate kipimo chake, mwalimu wa shule ya Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, alilipwa pauni 20 kwa mwaka mzima. Mwaka 1585 padri aliyepewa daraja ng'ambo akawa mhaini kwa kukanyaga tu ardhi ya Uingereza, na aliyemficha naye akahukumiwa kifo.

Familia zilijipanga kadiri zilivyoweza. Mara nyingi mume alikwenda kanisani ili mali isiguswe, mke akabaki nyumbani na rozari, maana mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake mwenyewe ya kutozwa. Katika mji wa York, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama, alishtakiwa mwaka 1586 kwa kuwahifadhi mapadri. Mumewe alikuwa akienda katika ibada ya Kiprotestanti. Margaret alikataa kujibu mashtaka, kwa sababu angejibu, kesi ingesikilizwa na watoto wake pamoja na watumishi wangeburutwa kutoa ushahidi. Adhabu ya asiyejibu ilikuwa kulazwa chini, kuwekewa ubao na kurundikiwa mawe mpaka roho itoke. Ndivyo alivyokufa, tarehe 25 Machi.

Sasa twende kwenye hoja. Mwaka 1580 Mjesuti Robert Persons aliingia Uingereza kwa siri pamoja na Edmund Campion. Katika nyumba moja huko East Ham, nje kidogo ya London, alifunga mtambo wa kuchapia na kutoa kijitabu kilichodai kimechapwa Douai, ng'ambo ya bahari, kwa jina la bandia la mwandishi. Kijitabu kilikuwa na waraka kwa Malkia mwenyewe, na kilieleza kwa nini Wakatoliki hawaendi katika makanisa yake. Hoja yake kuu ilitoka kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino: anayetenda kinyume cha dhamiri yake anatenda dhambi, hata kama dhamiri hiyo imekosea. Basi, alisema Persons, hata wewe Malkia ukiamini kuwa tumepotea, ukitulazimisha kuingia kanisani unatulazimisha kumkosea Mungu.

Ni hoja nzito, tena haimtaki msikilizaji awe Mkatoliki ndipo aikubali. Lakini Tomaso huyohuyo alifundisha pia kwamba asiyebatizwa hawezi kushurutishwa kuingia katika imani, ilhali aliyebatizwa akaasi anaweza kushurutishwa atimize alichoahidi. Upande mmoja dhamiri inambana mwenye nayo. Upande wa pili mzushi hana haki ya kuachwa na uzushi wake. Mkatoliki msomi wa karne ya 16 alikuwa na mafundisho yote mawili kwenye rafu moja. Ombi la kuvumiliwa halikuwa, kwake, tamko kwamba kila dini ina haki sawa. Kuvumilia kulikuwa kuuacha ubaya ili kuepuka ubaya mkubwa zaidi.

Persons aliionyesha rafu hiyo wazi mwaka 1596, alipoandika mpango wa namna Uingereza itakavyoendeshwa siku itakaporudi mikononi mwa Wakatoliki. Alishauri kwamba mwanzoni watu wasilazimishwe, wapewe muda, wasikilizwe, wahojiwe kwa mijadala. Ila muda huo una mwisho, wala usigeuke ahadi ya kuruhusu dini nyingine milele. Maandishi hayo yalizunguka kwa mkono tu hadi mwaka 1690, Mwanglikana Edward Gee alipoyachapisha ili kuwatisha Waingereza juu ya Wajesuti. Kazi ilikuwa rahisi.

Wengi wakifika hapa humwita Persons mnafiki, na mimi nadhani wanaharakisha. Mnafiki ni yule asiyeamini anachosema. Persons aliamini vyote viwili, na shida yake ilikuwa kubwa kuliko unafiki: hakuona kwamba hoja ya dhamiri, ukiifuata hadi mwisho, inamlinda na Mprotestanti. Na tuwe wa haki. Waprotestanti waliokuwa wakitawala London nao hawakuiona.

Kilichoiua hoja ya Persons katika masikio ya serikali, hata hivyo, kilikuwa hati ya Papa. Februari 1570 Papa Pius V alitoa bula ya kumtenga Elizabeth na Kanisa, akamvua madai ya kiti cha enzi, akawafungua raia katika viapo vyao, na akatangaza kwamba atakayeendelea kumtii atatengwa pamoja naye. Iangalieni sehemu hiyo ya mwisho. Mkulima Mkatoliki aliyelipa kodi na kukaa kimya alijikuta, kwa maandishi, amekosa mbele ya Mungu kwa sababu ya kukaa kimya. Mwezi Mei John Felton aliibandika nakala ya bula hiyo kwenye lango la askofu wa London. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameuawa.

Mwaka 1580 Campion na Persons, kabla ya kuondoka Roma, waliomba wapunguziwe mzigo huo. Papa Gregory XIII akakubali: bula iendelee kumbana Malkia na wafuasi wake, lakini Wakatoliki isiwabane kwa hali ilivyo sasa, mpaka itakapowezekana kutekelezwa. Kwa mapadri hiyo ilikuwa nafuu. Waliweza kuwaambia waumini wao wamtii Malkia bila wasiwasi. Waziri mkuu wa Malkia, William Cecil, Bwana Burghley, angeisomaje hati hiyo? Aliisoma kama vile ambavyo waziri yeyote wa usalama angeisoma: tiini mpaka mpate nguvu.

Campion alikamatwa mwaka uliofuata, akateswa, akashtakiwa Novemba 1581. Serikali ilikuwa na sheria mpya kabisa ya mwaka huohuo dhidi ya wanaowavuta watu warudi Roma, lakini haikuitumia. Ilimshtaki kwa sheria ya uhaini ya mwaka 1352, iliyotungwa wakati Waingereza wote walikuwa Wakatoliki, kwa madai kwamba alikula njama ng'ambo ya kumuua Malkia. Ushahidi ulikuwa dhaifu mno. Alinyongwa tarehe 1 Desemba. Sheria ile ya kale ilichaguliwa makusudi, ili pasiwe na wa kusema kwamba mtu amekufa kwa ajili ya dini.

Hoja hiyo Burghley aliiandikia kitabu mwishoni mwa 1583, kikatafsiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya. Hakuna anayeuawa kwa imani yake, aliandika. Wanaouawa ni wahaini. Maaskofu wa zamani waliokataa ukuu wa Malkia juu ya Kanisa hawakuuawa. Mwaka 1584 William Allen, mwanzilishi wa seminari ya Douai iliyokuwa ikiwafunda mapadri wa Uingereza, alimjibu. Mapadri wetu, alisema, hawana silaha wala njama, wanakuja na Misa na kitubio. Suala la mamlaka ya Papa juu ya wafalme ni suala la wanateolojia, lijadiliwe vyuoni, si mahakamani.

Tukomee hapo kidogo. Allen alitaka kutenga chumba cha fikra ambamo mtu anaweza kushika nadharia fulani bila kuwa mhalifu, mradi hajatenda kitu. Hilo ni wazo la kisiasa lenye thamani, na serikali ililijibu kwa kitu ambacho Wakatoliki walikiita swali la damu. Padri akikamatwa aliulizwa: Papa akileta jeshi leo, utasimama upande gani? Hakuulizwa amefanya nini. Aliulizwa angefanya nini. Akijibu kwamba atakuwa upande wa Papa, amejinyonga. Akijibu upande wa Malkia, amekanusha anachofundishwa na Kanisa lake. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni ushahidi.

Ningependa kuwaambia kwamba katika mabishano haya Allen alishinda. Siwezi. Katika kitabu chake hichohicho alitetea, kwa kurasa nyingi, haki ya Papa kuwaondoa wafalme waasi wa imani. Na mwaka 1588, akiwa sasa kardinali, wakati meli za Hispania zinakuja, aliweka jina lake kwenye waraka wa kuwaita Waingereza wamwasi Malkia. Suala lililokuwa la vyuoni lilikuwa limepanda meli. Zaidi ya mapadri 100 waliuawa katika utawala wa Elizabeth, wengi wao wasiohusika na njama yoyote, na sehemu ya deni hilo naiweka kwenye meza ya viongozi wao waliokuwa salama Roma.

Ndipo tunafika kwenye kiapo cha 1606. Novemba 1605 kikundi cha mabwana Wakatoliki kilikusanya mapipa 36 ya baruti chini ya jengo la Bunge ili kumlipua Mfalme James pamoja na wabunge. Guy Fawkes alikamatwa usiku akiyalinda. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha kiapo. Mwapaji atamke kwamba James ni mfalme halali na kwamba Papa hana uwezo wa kumwondoa. Mpaka hapo Drury angeweza pengine kufuata. Kiapo kikaendelea: mwapaji anachukia kwa moyo wake wote, kuwa ni uovu na uzushi, fundisho kwamba wafalme waliotengwa na Papa wanaweza kuondolewa au kuuawa na raia wao.

Uzushi! Kumbukeni ni nani mwenye mamlaka ya kutangaza kwamba fundisho fulani ni uzushi. Kwa Mkatoliki, ni Kanisa. Kanisa halijatamka hivyo. Tena maprofesa wake wakubwa wanafundisha kinyume. Sasa Bunge la Waprotestanti linamtaka muumini aape, Mungu akiwa shahidi, kwamba wanateolojia wake ni wazushi. Tamko la 1603 halikugusa jambo hilo hata kidogo. Lilisema tutafanya nini. Kiapo kilidai kusema ni nini kweli ya imani. Tofauti hiyo ndiyo Drury aliyoifia, na sioni kwamba alikuwa mkaidi.

James alikuwa msomi na alipenda mabishano. Papa Paulo V alipokikataza kiapo katika barua mbili, na mkuu wa mapadri wa Uingereza, George Blackwell, alipokila licha ya katazo, Kardinali Robert Bellarmine alimwandikia Blackwell kumkemea. Mfalme akajibu kwa kitabu, bila kutaja jina lake mara ya kwanza. Bellarmine akajibu kwa jina la kasisi wake. Mambo yakawa hayo kwa miaka. Nadharia ya Bellarmine ilikuwa kwamba Papa hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya mambo ya dunia, ila anaweza kuyaingilia pale wokovu wa roho unapohitaji. London iliona amempa Papa mno. Huko Roma, miaka ya nyuma, Papa Sixtus V alitaka kukiweka kitabu chake kwenye orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku kwa kumpa Papa kidogo mno! Mhispania Francisco Suárez aliongeza mwaka 1613 kwamba mamlaka ya wafalme hutoka kwa Mungu kupitia jumuiya ya watu, kwa hiyo mfalme akigeuka dhalimu jumuiya ina la kusema. Kitabu chake kilichomwa moto London, na mwaka 1614 Paris pia, mji wa Kikatoliki.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa mtu mwingine, Mbenedikto aitwaye Thomas Preston, aliyeandika kwa jina la Roger Widdrington. Alikaa miaka mingi katika gereza la Clink, kusini ya mto Thames, kifungo kilichokuwa pia kinga yake, maana nje Wakatoliki wenzake walikuwa wamemchoka. Tangu 1611 alitoa kitabu baada ya kitabu. Hoja yake aliichukua kwenye ghala la Wajesuti wenyewe. Wanateolojia wa maadili wa siku zile walifundisha kwamba katika jambo lenye shaka, penye rai mbili zenye watetezi wa kuheshimika, mtu anaweza kufuata mojawapo kwa dhamiri safi. Vyema, akasema Preston. Uwezo wa Papa wa kuwaondoa wafalme haujawahi kutangazwa kuwa imani. Wako Wakatoliki wasomi wanaoukana, hasa Ufaransa. Basi ni rai tu. Na rai haimwondoi mfalme kwenye kiti chake, kwa sababu aliyekalia haki yake hanyang'anywi kwa jambo lenye shaka.

Neno "uzushi" lilimsumbua Preston pia, akalizungushia maelezo marefu: katika maneno "kuondolewa au kuuawa", uzushi ni kudai kwamba raia wana hiari ya kumuua mfalme. Hapo sikubaliani naye, anavuta kamba kupita urefu wake. Lakini msingi wake ulikuwa imara, na Roma ilivipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1614.

Wakatoliki wa Kiingereza walipata nafasi ya kutenda badala ya kuandika tu. Mwaka 1632 Mfalme Charles wa Kwanza alimpa Cecil Calvert, Bwana Baltimore, Mkatoliki, hati ya koloni la Maryland huko Amerika. Walowezi walifika Machi 1634, viongozi wengi wakiwa Wakatoliki na walowezi wengi wakiwa Waprotestanti. Maagizo ya Calvert kwa ndugu yake gavana yalikuwa ya mtu aliyejifunza kwa kuumia: Wakatoliki wafanye ibada zao kwa faragha, wasiwakere Waprotestanti, wasibishane nao juu ya dini.

Mwaka 1638 agizo hilo lilijaribiwa. William Lewis, Mkatoliki, msimamizi wa shamba la Wajesuti, aliwakuta watumishi Waprotestanti wakisoma kwa sauti mahubiri ya mchungaji mmoja wa Kiingereza yaliyomwita Papa mpinga-Kristo. Akapandwa na hasira, akawatukania wachungaji wao, akawakataza kusoma vitabu hivyo nyumbani mwake. Shauri likafika mbele ya gavana na wenzake wawili, wote Wakatoliki. Wakamtia hatiani Lewis, faini ratili 500 za tumbaku. Mwaka 1649 baraza la koloni lilipitisha sheria kwamba yeyote anayemwamini Yesu Kristo asisumbuliwe kwa dini yake. Anayemwita mwenzake "mzushi", "Mjesuti" au "Mpuriti" kwa kumdhalilisha atozwe shilingi 10, nusu yake apewe aliyetukanwa. Sheria hiyohiyo ilitoa adhabu ya kifo kwa anayekana Utatu Mtakatifu. Na uhuru wake haukumfikia Mwafrika: mwaka 1664 koloni hilohilo lilitunga sheria ya kumfanya mtumwa wa maisha, na Wajesuti wa Maryland wenyewe walimiliki watumwa, wakauza watu 272 mwaka 1838.

Maryland ya uvumilivu haikudumu. Waprotestanti waliipindua serikali ya Calvert mwaka 1689, mwaka uleule Bunge la London lilipopitisha sheria ya kuwavumilia Waprotestanti wasio Waanglikana na kuwaacha Wakatoliki nje. Karne nzima ikapita, sheria zikiwa kali vitabuni na legelege mitaani.

Mwaka 1789 mabwana Wakatoliki wa London walikubaliana na serikali juu ya kiapo kipya ambacho kingewafungulia mlango, na maneno ya 1606 yalikuwa yamerudi: uovu, uzushi. Maaskofu wao, wakiongozwa na Charles Walmesley, wakakikataa. Wakatoliki wakagawanyika makundi mawili, kila moja likiliona jingine limepotoka. Muswada wenye kiapo hicho ulipofika Baraza la Mabwana mwaka 1791, aliyesimama kuwatetea waliokataa alikuwa Samuel Horsley, askofu wa Kianglikana. Watu hawa, alieleza, ni watiifu kwa mfalme sawa na wale wanaokubali kiapo. Wanachokataa ni maneno ya kiteolojia wanayotakiwa kuwatupia wengine. Mabwana wakamsikia. Kiapo kilibadilishwa, kikachukuliwa kile kilichokuwa kimetumika Ireland tangu 1774. Ndani yake Mkatoliki alitamka kwamba fundisho la kuwaondoa wafalme waliotengwa si sehemu ya imani yake, na kwamba anaikataa rai hiyo. Ni msimamo ambao Preston alikuwa ameuandikia gerezani miaka 180 nyuma, na safari hii maaskofu waliruhusu uapwe.